Una miaka 45 na presha? Bado unaweza kupiga kambi

Wilayani Ngara, neno "kambi" halikuanza na starehe. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24 hivi, na ndani ya siku chache Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa za wakimbizi duniani. Kama wewe ni mzaliwa wa huko na leo umevuka miaka 40, ulikuwa mtoto wakati ule. Kwako hema ni kitu cha mtu aliyekimbia kwao. Wenzako wengine mara ya mwisho walilala nje wakiwa skauti au JKT, na huko nako hakuna aliyewauliza kama wanafurahi.

Kwa hiyo mtoto wako wa kidato cha pili anapokuja na wazo kwamba likizo ya Juni familia iende kupiga kambi, jibu la haraka ni, "Mimi na presha yangu hii?" Au magoti. Au sukari. Au, "Huko porini si ndiko kwenye Marburg?"

Safu ya leo ni kwa ajili yako, mzazi mwenye umri wa kati, mwenye kadi ya kliniki mfukoni, ambaye hajasema hapana lakini anatafuta sababu ya kusema hapana. Kwa walio wengi, ugonjwa unaodhibitiwa vizuri hauzuii safari ya namna hii. Unakuelekeza tu uende vipi, ubebe nini na uwe na nani. Hatari za porini nazo zipo kweli, lakini zina majina, na kila moja ina kinga yake.

Mahali pa kwenda pako jirani

Watu wa Ngara na Biharamulo wamezoea kudhani kwamba mbuga ni za Arusha na Mara. Tangu mwaka 2019 mnayo yenu: Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyoundwa kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ina kilomita za mraba 4,707, ndani yake kuna Ziwa Burigi, na mipaka yake inagusa Biharamulo, Ngara, Muleba, Karagwe na Chato. Kuna tembo, twiga, viboko na ndege wengi wa majini. Upande wa magharibi kuna vilima vya Ngara na maporomoko ya Rusumo katika Mto Kagera. Vilima hivyo ni virefu kiasi cha kukutoa jasho, lakini havifikii kimo cha kuleta ugonjwa wa milimani unaowapata wapanda Kilimanjaro.

Si lazima uanzie hifadhini. Usiku wa kwanza unaweza kuwa uani kwako, kwenye shamba la ndugu, au kwenye uwanja wa parokia kwa ruhusa. Ukitaka kulala nje ya makazi, toa taarifa serikali ya kijiji. Ndani ya hifadhi, lala pale tu ambapo TANAPA wameruhusu, na usitembee kwa miguu bila askari wa hifadhi.

Kwa nini uanze sasa

Kuanzia miaka ya 30, mwili hupoteza misuli kidogo kidogo usipoitumia. Kwa wanawake, baada ya ukomo wa hedhi, mifupa nayo hupungua uimara kwa kasi. Usawa wa kusimama bila kuyumba huanza kushuka kimyakimya, na mtu huja kujua siku anapoteleza bafuni.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Shughuli za kazini na za nyumbani zinahesabiwa. Kama unalima migomba kwa jembe kila asubuhi, huenda umeshavuka kiwango hicho, na kambi haitakuongezea jasho. Itakupa pumziko, na kutembea kwa mwendo ambao si wa kazi. Lakini kama wewe ni mwalimu, karani, muuza duka, fundi cherehani au dereva wa bodaboda, siku yako nzima inapita umekaa. Hapo kambi ina faida nyingine kubwa: inakupa sababu ya kufanya mazoezi wiki nane kabla ya safari yenyewe.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu wapatao 20,000 wa Uingereza. Waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika maeneo ya asili, kama misitu na kandokando ya maji, walielekea kuripoti afya njema na kuridhika na maisha kuliko wasiokwenda kabisa. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba msitu ndio uliowaponya, kwa sababu pengine wenye afya ndio hutoka zaidi. Hata hivyo, dakika 120 ni saa mbili tu kwa wiki, na unaweza kuzigawa utakavyo.

Usingizi nao unaguswa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, waliwapeleka watu wanane kupiga kambi milimani kwa wiki moja, bila taa za umeme wala simu, wakibaki na jua na moto wa kambi tu. Homoni inayoandaa mwili kwa usingizi ilianza kupanda takriban saa mbili mapema kuliko walipokuwa nyumbani. Watu wanane ni wachache, lakini wewe mwenyewe unajua saa ngapi uliizima simu jana usiku.

Pima kwanza

Wiki nane kabla ya safari, nenda zahanati au kituo cha afya ukapime presha na sukari. Usisubiri wiki ya safari, kwa sababu dawa ikibadilishwa unahitaji muda wa kuona inavyokukaa.

Ahirisha na umwone daktari kwanza kama una lolote kati ya haya: presha ya 180/110 au zaidi ukiwa umetulia, maumivu au kubanwa kifua unapopanda kilima, kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, kuzimia, miguu kuvimba bila sababu inayojulikana, kiharusi au ugonjwa wa moyo wa hivi karibuni, kidonda cha mguu kama una kisukari. Mwenye hali hizi hajaambiwa asiende milele. Ameambiwa atibiwe kwanza.

Kisha jipime mwenyewe nyumbani. Simama karibu na ukuta, inua mguu mmoja, hesabu sekunde 10. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliofanyika Brazil kwa watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75. Walioshindwa jaribio hilo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufariki katika miaka iliyofuata kuliko walioweza. Usitishike na jaribio. Ukishindwa, lichukulie kuwa zoezi la kuanza nalo: fanya kila siku unapopiga mswaki, mkono mmoja ukiwa ukutani.

Wiki nane za maandalizi

Wiki ya kwanza na ya pili, tembea dakika 20 hadi 30 kwa siku tano, kwenye njia tambarare. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuzungumza, punguza.

Wiki ya tatu na ya nne, ingiza kilima. Ngara havikosekani. Kupanda huchosha moyo na mapafu, kushuka huumiza magoti, kwa hiyo shuka kwa hatua fupi na ubebe fimbo. Ongeza zoezi la kukaa na kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, mara 10, kisha pumzika na urudie. Hilo linaimarisha mapaja, na mapaja yenye nguvu hupunguza mzigo wa goti.

Wiki ya tano na ya sita, beba begi lenye kilo tatu hadi tano. Vaa viatu vilevile utakavyosafiri navyo. Raba mpya za safarini ndizo huzaa malengelenge.

Wiki ya saba na ya nane, laleni usiku mmoja uani na watoto. Hapo ndipo utagundua kwamba hema lina tundu, kwamba mgongo wako unahitaji godoro jembamba na si mkeka peke yake, na kwamba usiku unaamka mara mbili kukojoa. Bora uyajue hayo hatua 20 kutoka mlangoni kwako.

Unakwenda na ugonjwa gani?

Presha: Meza dawa zako kila siku, saa ileile. Usiache ile inayokukojoza kwa sababu tu njiani hakuna choo. Zungumza na mtoa huduma akupangie saa inayofaa. Kunywa maji kabla kiu haijakubana. Jihadhari na dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, ambazo wengi wetu tunazinunua duka la dawa kwa ajili ya magoti. Zinaweza kupandisha presha, na mwili ukiwa umepungukiwa maji zinaweza kuumiza figo. Kwa wengi paracetamol ni salama zaidi, mradi usizidishe kiwango. Ukiinuka kutoka kwenye hema asubuhi, kaa kwanza, kisha simama taratibu, maana presha inaweza kushuka ghafla ukaanguka.

Kisukari: Kutembea hushusha sukari, wakati mwingine hata saa kadhaa baadaye, usiku ukiwa umelala. Usiruke mlo. Mfukoni uwe na glukosi au sukari ya kawaida, na mwenzako ajue ilipo. Ukianza kutetemeka, kutokwa jasho baridi, kuchanganyikiwa au kusikia njaa ya ghafla, simama, ule sukari kwanza, ndipo upime. Kila jioni vua viatu ukague nyayo na katikati ya vidole kwa tochi. Kidonda kidogo ambacho hukisikii ndicho kinachokuja kuwa kikubwa. Usitembee peku, hata kwenda chooni.

Wanaotumia insulini huuliza itakuwaje bila friji. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walichapisha matokeo ya utafiti uliotumia vipimo vya joto la kila siku kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya. Insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu sawa na iliyokaa kwenye friji. Usiku mbili za Juni huko Kagera, zenye baridi, haziwezi kuwa sababu ya kubaki nyumbani. Weka chupa ndani ya chungu kidogo cha udongo, kisha chungu hicho ndani ya kikubwa chenye mchanga uliolowa, kivulini. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, na usiiweke moja kwa moja kwenye barafu. Muulize pia mfamasia kuhusu aina unayotumia wewe.

Pumu: Beba kivutio cha dharura mwilini mwako, si ndani ya begi lililo kwenye gari. Kaa upande ambao upepo haukuletei moshi wa moto wa kambi.

Kukojoa usiku: Wanawake waliofikia ukomo wa hedhi na wanaume wenye tezi dume iliyokua wanalijua hili, na wengi hulikwepa kwa kuacha kunywa maji mchana. Hilo ni kosa, hasa kwa mwenye presha au kisukari. Punguza kunywa saa mbili kabla ya kulala, na uweke ndoo yenye kifuniko karibu na mlango wa hema. Ukilazimika kutoka, washa tochi, kung'uta viatu, ndipo utie mguu.

Ukiwa na watoto

Mtoto anayetoka nyumbani anatoka na hali yake ya kiafya. Mwenye selimundu anaweza kwenda, lakini baridi, uchovu na kukosa maji ni vitu vinavyoamsha maumivu yake. Usiku wa kiangazi kwenye vilima vya Ngara ni wa baridi. Mvalishe soksi, kofia na sweta kabla hajalalamika, mpe maji kila mara, na umwachie apumzike wenzake wanapokimbia. Kama homa au maumivu yanaanza, safari imekwisha; nendeni hospitali. Mwenye kifafa asikae karibu na moto wala maji peke yake, na asikose usiku mzima wa usingizi.

Wape watoto kazi, maana mtoto mwenye kazi hapotei. Mmoja ahesabu vigingi vya hema, mwingine awe mlinzi wa maji ya kunywa. Wekeni sheria tatu zisizojadiliwa: hakuna kuingia majini, hakuna kuingia pangoni, hakuna kutoka kambini bila mtu mzima.

Hatari zenye majina

Mbu. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Hema lisilo na wavu mzima halitoshi, kwa hiyo ning'iniza chandarua chenye dawa ndani yake. Kuanzia saa 12 jioni kila mtu avae mikono mirefu na suruali. Chujio au kitambaa hakisafishi maji. Yachemshe mpaka yatokote.

Mbung'o. Huyu huuma mchana, na hueneza malale. Hakuna chanjo ya malale wala kidonge cha kujikinga. Huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na gari linalotembea humvuta pia. Vaa nguo nzito kidogo za rangi ya kaki au kijivu chepesi, funga vioo mnapopita kwenye vichaka, na kagueni gari kabla ya kuingia. Dawa za kupaka za kufukuza mbu humsumbua mbung'o kidogo tu.

Popo. Hapa ndipo penye hofu ya watu, na hofu hiyo ina msingi. Marburg ilitangazwa wilayani Bukoba Machi 2023, kisha wilayani Biharamulo Januari 20, 2025. Mlipuko wa Biharamulo ulikuwa na wagonjwa wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa kuwa nao, na wote 10 walifariki. Machi 13, 2025 Serikali ilitangaza kwamba mlipuko umekwisha. Virusi hivyo huishi kwa popo wala matunda aina ya wale wanaolala kwa maelfu mapangoni na kwenye mashimo ya migodi. Havielei hewani porini vikimsubiri mpita njia. Kwa mtu aliyeko matembezini, kinga kubwa ni moja: usiingie pangoni wala kwenye shimo la mgodi wa zamani, hata kama mwenyeji anasema pana maajabu.

Uganda ina mfano unaopaswa kukumbukwa. Katika msitu wa Maramagambo, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, kuna pango lenye chatu na popo wengi, na lilikuwa kivutio cha watalii. Mmarekani mmoja mwanamke alilitembelea Desemba 2007, akaugua Marburg, akapona. Mwanamke wa Uholanzi mwenye miaka 41 aliingia Juni 2008, akarudi kwao akaugua, akafariki. Wote walikuwa watu wa umri wa kati waliokuwa likizo. Wenzao waliobaki nje ya mapango walirudi nyumbani na picha zao. Pamoja na hilo, usile tunda lililoumwa na mnyama, osha matunda yote na uyamenye, na usiguse mzoga wowote.

Maji. Pembezoni mwa maziwa na madimbwi yaliyotulia kunaweza kuwa na konokono wa kichocho. Kuna pia mamba na viboko. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi na hupita njia ileile kila siku, hivyo usitandike hema kwenye njia iliyokanyagwa inayoelekea majini. Mkipanda mtumbwi au boti, kila mmoja avae boya la kujiokoa, hata anayejua kuogelea.

Nyoka. Akimuuma mtu, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana, usiweke jiwe wala mafuta ya taa. Mtulize, mvue pete na saa, tuliza kiungo kilichoumwa kwa kukifunga na kijiti kama aliyevunjika, na mkimbize hospitali. Kabla ya safari ulizia ni wapi dawa ya sumu ya nyoka inapatikana, kwa sababu si kila zahanati inayo. Jua mko karibu na hospitali ipi, kwa mfano Murugwanza kwa walioko Ngara au ya wilaya kwa walioko Biharamulo, na nani ana gari.

Mkaa. Hatari hii hatuikuti porini, tunaibeba wenyewe. Usiku ukiwa wa baridi, mtu huona busara kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Hema lenye zipu iliyofungwa ni dogo kuliko chumba chochote. Jiko libaki nje, hata kama limebakiwa na makaa mawili. Ongeza blanketi.

Mkisharudi

Kazi ya mzazi haiishii kwenye kufua nguo za safari. Kwa wiki tatu baada ya kurudi, homa yoyote, ya kwako au ya mtoto, isitibiwe kwa kubahatisha. Nendeni mkapime malaria siku hiyohiyo, na mwambie mtoa huduma bila kuulizwa: tulikuwa porini, mahali fulani, tarehe fulani, tuliumwa na mbung'o, au tulioga ziwani. Maneno hayo machache yanaweza kumfanya atafute vimelea vya malale kwenye damu badala ya kukupa dawa ya malaria kwa mara ya tatu. Kidonda chekundu kilichovimba mahali palipoumwa, homa inayokuja na kuondoka, kichwa kuuma na tezi kuvimba ni dalili za malale, na huu ni ugonjwa unaotibika ukiwahiwa na unaoua ukipuuzwa. Mkojo wenye damu wiki kadhaa baadaye ni sababu ya kupima kichocho. Homa kali yenye kutapika, kuharisha au kutoka damu inahitaji tahadhari zaidi: asihudumiwe nyumbani kwa mikono mitupu, na pigeni namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199, kupata maelekezo.

Jaribu na kitu kimoja kipya

Ukiwa huko, usikae tu kwenye kiti cha plastiki kama uliyesindikiza watoto. Jaribu kitu kimoja ambacho hujawahi kukifanya. Kutazama ndege kwa darubini hakuhitaji magoti mazuri. Kuvua samaki kwa ndoana, pale panaporuhusiwa, kunafaa kwa mwenye presha anayehitaji kutulia. Baiskeli ni rafiki wa mwenye goti bovu kuliko kukimbia, mradi uanze kwenye tambarare na uvae kofia ngumu. Mwenye mifupa dhaifu achague kutembea na fimbo kuliko kuruka mawe. Chagua kinachokufurahisha, kwa sababu zoezi la kujilazimisha huisha safari ikiisha, na lenye raha utaendelea nalo ukirudi.

Kumbuka pia kuwa kwenda na kurudi mapema kunaruhusiwa. Mkikaa usiku mmoja badala ya mbili kwa sababu mvua imenyesha au goti limevimba, hamjashindwa. Mmejua begi la safari ijayo litabeba nini.

Kama mnafikiria likizo ya Juni, hesabu wiki nane kurudi nyuma. Hiyo ndiyo siku ya kwenda kupima presha. Nenda na kadi yako, mwambie mtoa huduma unataka kufanya nini, na umwombe akuandikie dawa za kutosha hadi wiki moja baada ya kurudi. Ukitoka hapo, usipande bodaboda. Rudi nyumbani kwa miguu.